Ufunguo Niliouvika Shaba

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wa nyumba za jirani ambao karatasi hizi zitawafikia, kaeni chini msome pole pole. Mimi sikusoma sana. Masista walinifundisha kuandika na kushona, kisha nikaolewa. Msitafute humu maneno ya mapambo. Nataka mumjue mtu mmoja aliyekaa katika ile nyumba ya mlango wa kijani mnayoipita kila siku mkienda sokoni. Jina lake silitaji. Nilishalichafua mara moja, na mara moja yatosha.

Mtaani tulimwita Papa Elektrisien. Kiwandani alitunza mota za umeme, miaka mingi, tangu ana nywele nyeusi. Mishahara ilipoanza kukatika, mwezi mmoja inatoka, mitatu haitoki, wenzake walitawanyika. Huyu akaenda kuchimba mawe vilimani, yule akashika jembe. Yeye akatundika kibao kwenye ukuta wake. Hakuandika jina wala bei. Alichora taa tu, taa moja yenye nyuzi zake ndani, kwa rangi nyeupe. Watu wakaelewa. Wakaanza kumpelekea pasi, redio, majiko, na baadaye magari, maana magari yaliyobaki mjini yalikuwa yamezeeka kama sisi.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na koti lake la kazi lilikuwa la bluu zamani, mkewe akalifua mpaka likawa rangi ya majivu. Mfukoni alikuwa na bisibisi tatu. Na mkononi sahani.

Hiyo sahani lazima niieleze. Ilikuwa sahani ya bati, yenye maua pembeni, ya jikoni kwa mkewe. Kila skrubu aliyoitoa kwenye chombo cha mtu aliiweka katika sahani hiyo, kwa kuzunguka, ya kwanza juu, ya pili kando yake, kama saa. Akimaliza kazi anarudisha moja moja kwa kurudi nyuma. Sahani ikibaki na kitu, hata kijiskrubu cha ukubwa wa mbegu ya mchicha, anafungua chombo chote na kuanza upya. Mkewe alichoka na jambo hilo.

"Sahani yangu inanuka mafuta ya gari," alikuwa anamwambia mbele ya wateja. "Siku moja nitakupakulia bukari, ugali wako wote, mu capot, mu kifuniko ya mota."

"Pakula," anajibu bila kuinua kichwa. "Ila uhesabu vipande vya nyama mbele na nyuma."

Sasa ulizo lake. Kabla ya kugusa chombo chochote alikuuliza: "Kintu gani ilibadirika?" Ukisema hakuna, anauliza tena. Ukisema tena hakuna, anakaa kwenye kigoda na kungoja. Alikuja mwalimu mmoja na pasi iliyokuwa ikizima umeme wa nyumba nzima. Hakuna kilichobadilika, alisema mwalimu, pasi ni ileile, nyumba ni ileile. Papa Elektrisien akangoja. Mwalimu akatazama saa, akatazama mbingu, mwisho akakiri kwamba waya wa pasi ulikuwa mfupi, basi aliurefusha kwa kamba ya breki ya baiskeli.

"Mwalimu," Papa Elektrisien akamwambia, "nyumba yako ilikuwa nakusaidia. Ilizima moto ya umeme kusudi usikufe."

Aliamini kwamba chombo hakifi bure. Kuna mkono uliopita, kuna neno mwenye chombo anameza. Alisema nusu ya kazi yake ni kutafuta hilo neno, na nusu nyingine ndiyo bisibisi.

Msifikiri nachora mtakatifu. Alikuwa na mambo yake. Mtu aliyeshika nyaya za kiwanda maisha yake yote aliogopa radi kuliko mtoto mchanga. Mawingu yakikusanyika upande wa Koni, anaacha kazi katikati, anaingia ndani, anakaa chini kati ya kitanda na kabati na kujifunika blanketi. Tulimcheka wazi. "Papa, si weye njo rafiki ya moto?" Anajibu kutoka ndani ya blanketi: "Minye naiogopa juu ya vile naijua. Ninyi hamuiogope juu hamuijue."

Kanisani aliimba sauti ya chini na kila mara aliimba vibaya, na hakuna katika kwaya aliyethubutu kumwambia, kwa sababu ndiye aliyetengeneza kipaza sauti cha padri. Siku ya Mungu baada ya misa wanaume walikunywa lutuku nyuma ya nyumba, ile kali inayowaka ukiitupia kiberiti. Yeye alikunywa munkoyo tamu tu, ya mizizi, ile ya akina mama na watoto, na bado alikuwa wa kwanza kusema ovyo na wa mwisho kuondoka. Kulewa bila pombe, sijaona kwa mwingine.

Na kuna mashine ya kushonea. Nilitaka kuificha, lakini nikiificha hii hakuna haja ya kuandika yaliyobaki. Wakati majirani zetu wenye asili ya Kasai walipoondoshwa mjini, wakalala siku nyingi kituoni wakingoja treni, familia moja ya mtaa wetu ilimwachia Papa Elektrisien mashine yao ya kushonea. Hawakuweza kuibeba na watoto pamoja. Aliiweka sebuleni, akaifunika kitambaa. Kila mwezi aliitia mafuta, akazungusha gurudumu lake kidogo lisishike kutu, akaifunika tena. Njaa ilipoingia mtaani, mkewe alimwambia aiuze, au basi amwache ashonee watu. Alimjibu: "Haiko yetu." Akamaliza. Watoto wake walikunywa uji bila sukari pembeni ya mashine ile. Mimi niliijua hiyo mashine. Nilikuwa naijua hata siku nilipomwita mwizi.

Sasa habari yenyewe.

Mwanangu mkubwa, Ilunga, alikuwa amepata gari dogo la milango miwili lililotoka kusini kupitia mpakani. Lilikuwa la miaka kadhaa, lakini kwetu lilikuwa jipya. Kwa gari hilo alikwenda Kapolowe, akaleta unga wa mahindi, mimi nikauza sokoni. Nyumba nzima ilikula kwa gari lile. Baba wa Ilunga alikuwa ameshafariki, kiwanda hakikulipa mtu, na mimi nilikuwa na vinywa tisa.

Gari lilikuja na ufunguo mmoja tu. Kichwa chake kilikuwa cha plastiki nyeusi, nene, na plastiki hiyo ilipasuka. Niliona itaanguka. Sisi watu wa Likasi, kitu kikipasuka tunafikiria shaba kwanza. Nikaupeleka ufunguo kwa mponda shaba aliyekuwa akitengeneza sahani za ukutani na misalaba. Akakunja bati la shaba, akaufunika ule mpasuko wote, huku na huku, akapondaponda mpaka likashika kama ngozi, juu yake akachora msalaba. Ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, kama tunavyoiita tangu enzi za mgao. Nikaulipia kwa unga. Nikajisikia nimefanya jambo kubwa.

Siku hiyohiyo ya posho, asubuhi, kabla sijaupeleka ufunguo huko, Papa Elektrisien alikuwa ameingia katika gari kutengeneza honi. Alimaliza, honi ikalia, sahani ikabaki tupu, akaenda zake. Siku ya Mungu tulikwenda misani kwa miguu. Jumatatu asubuhi Ilunga akageuza ufunguo. Mota ikazunguka, ikazunguka, gari halikuwaka. Kwenye ubao wa mbele taa ndogo nyekundu ilikuwa ikipepesa.

Ilunga akajaribu mpaka betri ikachoka. Kule Kapolowe magunia yetu yalikuwa chini ya paa la mtu, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Nilijiuliza nani aliingia mle ndani. Jibu lilikuwa moja. Sikukaa kwenye kigoda na kungoja kama yeye anavyofanya. Nilichukua ufunguo, nikaenda kwenye bomba la mtaa, saa ile ambayo kila nyumba ina mtu wake kwenye mstari. Yeye pia alikuwepo na ndoo mbili.

"Papa," nikasema, na sikupunguza sauti, "ile kintu ulitoa mu gari ya mutoto wangu, rudisha leo."

"Kintu gani, mama?"

"Weye njo unaijua. Siku ya posho uliingia mule na bisibisi, leo gari imekufa. Nani mwingine aliingia?"

Mama mmoja kwenye mstari akasema, "Mama Ilunga, pole pole, huyu ni jirani."

"Jirani njo anajua pahali ya kuiba," nikamjibu.

Watu wakacheka. Kijana mmoja akadakia: "Ba-elektrisien ba siku hizi beko nakula waya." Wakacheka zaidi. Nilifurahi walipocheka. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Nilikuwa nimeushika ufunguo na kuutikisa mbele ya uso wake. Shaba ilikuwa inang'aa. Yeye hakunitazama machoni, aliutazama ufunguo. Nikadhani ni aibu ya mwizi.

"Mama," akasema taratibu, "kintu gani ilibadirika?"

"Hakuna. Kile kilibadirika ni weye. Njala ilikubadirisha. Usitie tena muguu mu lupango, mu uwanja ya nyumba yangu."

Akainua ndoo zake, ambazo zilikuwa bado hazijajaa, akaenda.

Mtu wa kazi ile anaishi kwa jina lake. Mnamwachia redio yenu, mnamwachia gari, mnakwenda. Siku mbili baadaye watu walianza kupita kwake kuchukua vitu vyao, hata ambavyo havijatengenezwa. Mmoja alisema ameahirisha. Mwingine alisema amepata pesa kidogo, atakwenda kwa fundi wa mjini. Mwalimu wa pasi ndiye pekee aliyeacha pasi yake. Kwaya haikumwambia kitu, lakini wale waliosimama karibu naye walisogea kidogo. Niliyaona yote hayo. Niliona pia mkewe akiuza masufuria mbele ya mlango.

Na mkewe huyo alikuja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza alisema: "Bwana ananituma kuuliza juu ya ufunguo." Nikamwambia bwana wake aulize juu ya kile alichokiiba. Mara ya pili alisema: "Anasema muutazame tu ule ufunguo, ile shaba..." Nikafunga mlango, na neno shaba likabaki nje pamoja naye.

Ilunga akaleta fundi wa mjini. Huyo alitia betri chaji, akafungua, akatazama, akasema gari hili lina mlinzi ndani yake, sanduku dogo linaloamua nani awashe na nani asiwashe, na sanduku hilo limekufa. Lingine lazima litoke kusini. Bei yake ilikuwa ya kuuza gari ili kutengeneza gari. Ilunga alikaa juu ya gurudumu, akafunika uso. Mvua ya kwanza ikanyesha. Magunia mawili ya Kapolowe yalilowana.

Juma la tatu, mchana, Papa Elektrisien alisimama kwenye mlango wa lupango yangu. Hakuingia. Chini ya kwapa alikuwa na sahani.

"Mama Ilunga," akasema, "uliniambia nisitie muguu. Sitii. Nipe ufunguo tu. Gari sitaligusa."

Majirani walikuwa wameshaanza kutoka milangoni. Nilitaka kumfukuza, lakini Ilunga alisema, "Mama, tuko na nini ya kupoteza?" Akaenda, akampa ufunguo, akamshika mkono, akamwingiza.

Alisimama hatua tatu kutoka kwenye gari. Mikono akaiweka nyuma ya mgongo, sahani na ufunguo ndani ya mikono hiyo, ili kila mtu aone haigusi gari. Kisha akauinua ufunguo kwenye jua, akaugeuza.

"Hii shaba ilitoka wapi?"

Nikasema ni ya kulinda plastiki, ilikuwa imepasuka.

"Toka siku gani?"

Aliningoja. Ninyi hamjui kungojwa na mtu yule kulivyokuwa.

"Siku ya posho," nikasema.

"Ile siku ya honi."

"Ile siku ya honi. Nyuma ya weye kuenda."

Hakusema niliona. Hakusema nilikwambia. Alimgeukia Ilunga. "Redio yako, ukiitia mu sufuria ya chuma na kufunika, itasikia kituo? Nyumbani nilijaribu na yangu. Ilinyamaza. Ndani ya plastiki ya huu ufunguo muko kadude kadogo, nazani hakapiti mbegu ya muchele. Kanaongea na gari. Gari ikimusikia, inakubali kuwaka. Isipomusikia, inazungusha mota tu, na ile taa nyekundu inakuambia kama muntu huyu simujue. Sasa mama alimufunika mudomo."

Akatoa mkasi wa kukatia bati. Ilunga akanyoosha mkono kuupokea. Papa Elektrisien akampita, akaniletea mimi.

"Ondoa weye, mama. Mikono yangu iko na sifa mubaya."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira ningepata pa kushika. Nilikaa chini, mbele ya majirani, nikaikata ile shaba niliyoilipia. Nikajikata kidole. Msalaba ukakatika katikati. Vipande nilivyovitoa aliviweka katika sahani, kimoja kimoja kwa kuzunguka. Plastiki ilikuwa imepasuka vilevile, na ndani ya mpasuko kulikuwa na kitu cheusi kidogo, kizima.

"Jaribu," akamwambia Ilunga.

Taa nyekundu ikawaka, ikatulia, ikazimika. Gari likawaka.

Watu walipiga makofi. Yeye alitoa mfukoni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakizungusha kwenye kichwa cha ufunguo, akakaza kwa uzi. "Mupira haizuie sauti," akasema. "Ikichakaa, kata ingine. Baiskeli za zamani hazikosi." Ndiyo matengenezo yote. Kipande cha mpira kisichopita kidole. Hakutaka kitu.

Hapa ndipo ilinipasa kusema. Watu walikuwepo, mdomo ninao. Nikasema, "Asante, papa. Karibu bukari." Akasema ameshakula, na mimi nilijua hawakula. Jioni nilimtuma binti yangu na beseni la unga kwa mkewe, limejaa mpaka linamwagika. Likarudi vilevile, limejaa, limefunikwa kitambaa. Binti yangu alileta na neno: "Mama yule anasema hivi: mume wangu hakutukanwa na unga. Alitukanwa ku bomba."

Nilielewa. Kesho yake niliamka kwenda kwenye bomba, nikafika kwenye kona, nikaona mstari wa watu, nikarudi. Siku iliyofuata nilimtuma mwingine kuchota. Nilijiambia kila mtu anajua gari limewaka, basi kila mtu anajua hakuiba. Si kweli. Waliokuwa kwenye bomba walikuwa wengi, waliokuwa uani kwangu walikuwa wachache, na uongo ulikuwa umeshatembea majuma matatu. Kuna waliosema alirudisha kile kitu kwa hila, akakipachika huku akituonyesha shaba. Niliwasikia sokoni wakisema hivyo. Niliendelea kupima unga.

Mwaka uleule alifunga mlango wa kijani, akahama na mkewe na watoto. Kibao cha taa alikiacha ukutani. Mvua iliifuta rangi.

Miaka ilipita, mitatu hivi. Siku moja nilipanda na Ilunga kwenda Kapolowe mwenyewe, kuonana na wauza mahindi. Karibu na misioni kuna kinu cha kusaga, na mbele ya kinu lilisimama gari la mizigo limefunguliwa kifuniko. Kwanza niliiona sahani. Maua yake yalikuwa yamekwisha. Halafu nikamwona yeye, mzee sasa, amesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, mikono nyuma ya mgongo, akimwelekeza mwenye gari.

"Fungua weye. Ile skrubu ya juu. Weka mu sahani. Ingine. Hesabu kwa sauti."

Nikamuuliza mwanamke mmoja aliyengoja unga wake: mbona fundi hagusi?

"Ni vile anafanyaka," akasema. "Gari ya muntu haigusake. Anakuonyesha, unafungua weye mwenyewe. Hatujui juu ya nini."

Mimi nilijua.

Alipomaliza alinitambua. "Mama Ilunga. Gari iko?"

"Iko, papa. Na mupira uko. Tulibadirisha mara mbili."

"Muzuri."

Mkewe alitoka kwenye baraza, akanisalimu kwa kichwa, akarudi ndani. Kupitia mlango niliiona mashine ya kushonea na kitambaa juu yake.

"Benyewe hawajakuja?" nikauliza.

"Bado."

Nikasimama. Ilunga alikwenda kupakia magunia. Nikasema: "Papa, iko neno moja sikukuambiaka."

Alikuwa anaipangusa sahani kwa koti lake. "Ile bomba yetu iko?"

"Iko. Maji ilikatika, mwaka sasa."

"Na bantu ba pale?"

"Bamoja balihama. Bengi beko."

Akafikiri. "Mama, minye niko Kapolowe," akasema. "Ile neno ya 'mwizi', nilijua toka zamani kama iko uongo. Ukiniambia minye, unamuambia muntu anajua. Bale bantu beko kule ku bomba njo balisikia."

Akaniaga vizuri, kwa mikono miwili, akaenda kwa mteja mwingine, na kabla hajamfikia aliiweka mikono nyuma.

Tulifika nyumbani jua bado liko juu, saa ile ya watu kurudi kutoka kazini na sokoni. Sikuvua kitambaa cha kichwa. Niliwaita wote, Ilunga, mkewe, mabinti, hata mmoja wao aliyekuwa na mguu mbovu. Wakaniuliza kuna msiba gani. Nikawaambia:

"Kila muntu akamate ndoo yake. Tunaenda ku bomba. Mukikuta jirani ku njia, mumuite kwa jina, akuje naye. Na hakuna muntu aniulize kama maji iko natoka."